Kiti cha Njia

Abti alizikwa asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kufikia adhuhuri nyumba yake ya Garissa ilikuwa imejaa watu mpaka uani. Abti ni neno letu Wasomali la mjomba, na uzuri wake ni kwamba linakwenda na kurudi: mimi nilimwita abti, naye akaniita abti vilevile, tukaitana hivyo maisha yangu yote. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake tukapewa chumba kikubwa cha mikeka, zikaletwa sinia za wali na nyama ya mbuzi. Kila aliyeingia aliniambia nijikaze nile. Sikuhitaji kuambiwa. Sikuwa nasikia kitu, si njaa, si shibe, si uchungu, mkono ulikuwa unaenda tu wenyewe. Kupitia dirishani niliwasikia wanaume wakimsifu. Mmoja alisema mabasi ya marehemu yalikuwa makuukuu, viti vimechanika, vumbi mpaka kwenye meno, lakini hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuachwa njiani, tangu siku ya kwanza hadi siku aliyoyauza. Wenzake wakaitikia, wallahi ni kweli. Mimi nilikuwa na mfupa mkononi. Nilimjua mmoja aliyeachwa, na nilimjua aliyemwacha, na mwenye mabasi alikuwa ameshafukiwa bila kuambiwa. Nikaurudisha mfupa kwenye sinia, nikanawa.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Nani kamzaa nani, na kwa nini kazi ile iliniangukia mimi na si kijana yeyote wa kiume, nitayaacha, maana kwetu maswali hayo yakianza hayalali. Itoshe kusema kwamba abti alianguka kutoka kwenye keria ya basi akifunga magunia ya sukari, akavunjika nyonga, ikabidi apelekwe Nairobi, na huko akakaa karibu mwaka mzima. Asubuhi ya kuondoka walimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu. Nilidhani ataniambia habari za matairi, za dizeli, za polisi wa kizuizini. Alinipa funguo tatu zilizofungwa kwa kamba ya kiatu, akasema jambo moja tu. "Mengine yote utakosea na tutarekebisha, abti. Lakini kile kiti si changu wala si chako. Ni cha njia." Nikasema nimesikia. Dereva wa pikapu akawasha gari, nami nikabaki pale stejini na funguo zangu.

Mabasi yalikuwa mawili, na njia ilikuwa moja, Garissa hadi Habaswein, siku moja kupanda, siku ya pili kushuka. Katika kila basi kulikuwa na kiti kimoja kisichokatiwa tiketi, kile cha mbele upande wa mlango, chenye nafasi ya kunyoosha miguu. Kilitoka Garissa kitupu na kutoka Habaswein kitupu. Kilikuwa cha mgonjwa atakayekutwa barabarani, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, kwa sababu miaka ile katikati ya miji hapakuwa na simu wala gari la wagonjwa, na wafugaji walimbeba mtu wao kwa ngamia au kwa mkokoteni wa punda mpaka kando ya barabara, wakangoja. Kiti kikiwa kitupu, kitambaa cha kijani kilining'inia kwenye kioo cha mbele, unakiona toka mbali. Kikipata mtu, kitambaa kilitolewa. Ukiwa kando ya barabara ukaona basi halina kitambaa, ulijua ndani kuna mwenzako ambaye hali yake ni mbaya, na hukupunga mkono. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Watu wa njia ile waliishika kama wanavyoshika zamu ya kisima: ngamia wa mwenzako wakinywa, wako watangoja hata kiu iwe imewashika koo. Wageni walishangaa. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuniuliza ofisini, kwani wakipunga itakuwaje, si abiria watasongeana mgonjwa apate nafasi? Kweli wangesongeana. Dereva wetu angesimama kwa yeyote aliyepunga. Lakini wao hawakupunga, na hilo mimi nilipaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Ofisi ilikuwa chumba cha mabati kando ya steji. Meza moja, benchi, kalenda ya mwaka uliopita, na thamosi kubwa nyekundu ya chai. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshikana na mkahawa wa wanaume, bati kwa bati, kwa hiyo kutwa nzima nilisikiliza mambo yasiyonihusu: fahali wa nani ana jicho bovu, nani amemrudia mke aliyemwacha, mvua imeonekana upande gani. Mara nyingine nilikuwa ni mimi ninayezungumzwa. Dalali mmoja wa mifugo alikuwa na hakika kwamba msichana hawezi kuendesha kampuni ya mabasi, eti kabla ya mvua yatakuwa yamewekwa juu ya mawe. Mwenzake akamjibu kwamba mabasi yenyewe yamezoea kukaa juu ya mawe, msichana amekosa nini? Nilicheka peke yangu, kikombe mkononi. Nilijivuna mwaka ule, niseme ukweli. Nilinunua viatu vya visigino nikavivaa kwenye mchanga wa Garissa, na makonda wote wawili, watu wazima wenye watoto, niliwafundisha kuniita bosi.

Dereva wetu mkuu alikuwa Mzee Komora, Mpokomo wa ng'ambo ya daraja, aliyekuwa na abti tangu basi la kwanza. Kwa sababu yake na ya polisi, Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya ofisi, na mpaka leo mwaka ule hunijia kichwani kwa Kiswahili, hata mambo ambayo najua yalisemwa kwa Kisomali. Chake kilikuwa laini, cha watu wa mtoni. Changu kilikuwa cha darasani na sokoni, naye hakuacha kunitania: "Binti bosi, leo gari kimeharibika, kesho utaniambia kiti amevunjika." Siku ambazo hakuwa safarini tulikula pamoja adhuhuri, mlango wazi ili watu wasipate la kusema. Uliletwa wali na nyama kutoka kwa mama mmoja jirani, na ndizi juu yake kama kawaida yetu, na kila mara Komora aliitoa ndizi yake akaiweka kando mpaka amalize. Ndizi, alisema, ni ya mtu aliyekwisha kushiba. Maziwa ya ngamia aliyapenda kutuzidi, hasa yale yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Abiria wakinung'unika kwamba keria imejaa mizigo ya wengine, aliwaambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, halafu akapiga honi. Sikuwahi kumwona akikaripia mtu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, nikapanda Habaswein mwenyewe. Wakala wetu wa kule alikuwa amegombana na konda juu ya vibuyu na mitungi ya maziwa, yaani nani apange na nani afunge, na kila mmoja alikuwa ameapa hatazungumza na mwenzake. Nilikaa siku mbili nyumbani kwa wakala. Mke wake alinipikia anjera za asubuhi na samli, na akanifungulia chombo cha nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, ambayo huwa haifunguliwi kwa mtu yeyote tu. Ugomvi ulikwisha kwa chai. Wakala akaniambia, mbele ya watu, kwamba nina kichwa cha mjomba wangu. Nililala na maneno hayo. Asubuhi ya Jumatano nilipofika kwenye basi, lilikuwa limejaa wanafunzi na masanduku yao ya chuma, na askari wawili wa kusindikiza walikuwa nyuma na bunduki zao. Komora akasema amenikunjia blanketi juu ya kifuniko cha injini, pale konda anapokaa siku kama hizo, ni pa moto kidogo lakini ni pazuri. Nilipaangalia. Kukaa pale ni kukaa magoti juu, mgongo kwa kioo, abiria wote wakikutazama usoni, na mimi ni bosi, na nimevaa viatu vyangu. Kile kiti kilikuwa kitupu hapo mbele. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa hata nimechoka sana. Nikasema nitakaa pale mpaka apatikane mwenyewe, kisha nitainuka.

"Na kitambaa?" Komora akauliza.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lilikuwa na jibu jepesi. Ningekiacha kitambaa kining'inie, na mtu akipunga nikainuka, basi, mambo yangekwisha hapo. Hata mtoto angeliona hilo. Lakini mimi nilifikiri, kiti kina mtu, na kitambaa kinasema hakina mtu, huo si ni uongo? Nililelewa nisiseme uongo. Nikanyoosha mkono, nikakitoa mwenyewe, nikakikunja vizuri juu ya mapaja yangu. Nilijiona mwaminifu. Vumbi lilipozidi nilikitumia kujifutia uso.

Modogashe tulikunywa chai, tukaendelea. Labda saa moja mbele yake, saa nne hivi za asubuhi, niliuona mkokoteni wa punda kando ya barabara. Walikuwa wamefunga shuka juu yake kuzuia jua, na chini ya shuka kulikuwa na mtu amelala, nyayo zimeelekea kwetu. Wanaume wawili walikuwa wamechuchumaa kivulini mwa gurudumu. Mwanamke mmoja wa makamo alisimama basi lilipokaribia, akaweka mkono juu ya macho, akakitazama kioo chetu. Kisha akakaa. Alikaa polepole, kama mtu aliyeambiwa ngoja kidogo, akainua viganja vyake viwili, midomo yake ikicheza. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani anatusalimu, nikampungia. Komora alikuwa amepunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Aligeuza uso akanitazama. Sikuhitaji aseme, nilijua anauliza nini, maana yeye ni dereva na gari ni langu. Nilijua. Hilo ndilo ambalo sijaliweka mbele ya mtu kwa miaka yote hii: kwamba kwa muda mfupi, labda wa kuvuta pumzi mbili, nilijua pale pana mgonjwa, na nikawaza habari ya kuinuka, na joto la kifuniko cha injini, na masaa yaliyobaki mpaka Garissa. Nikasema moyoni, wangekuwa na shida wangepunga. Nikageukia dirisha la upande wangu. Basi likashika mwendo.

Alhamisi basi lilikuwa gereji, na lile jingine lilikuwa limekufa giaboksi tangu wiki iliyotangulia. Ijumaa Komora akapanda, Jumamosi akashuka. Alikuja ofisini moja kwa moja bila kwenda kuoga, nami nilikuwa nimeanza kula. Akaketi kwenye benchi. Alisema aliwakuta wanaume wale wawili wa mkokoteni na wengine wa kambi yao wakipanga miiba juu ya kaburi ili fisi wasilifukue, akasimamisha basi, akashuka kuwasaidia. Aliyezikwa alikuwa mama mwenye uchungu wa siku mbili. Mkunga wao alikuwa ameshasema ameshindwa, apelekwe Garissa. Alhamisi nzima halikupita gari, na alasiri akafariki, na mtoto tumboni.

"Hawakupunga," nikasema.

"Hawakupunga," Komora akakubali. "Waliona kiti kina mtu. Hawakutaka kumsumbua mgonjwa."

Aliitazama mikono yake, yenye mikwaruzo ya miiba. Akasema mguu uliokuwa kwenye breki ni wake, si wa mtu mwingine. Nikasema aliyekuwa kwenye kiti ni mimi. Kule nyuma ya bati wanaume walikuwa wanacheka habari ya mtu aliyeuziwa punda kiziwi. Nikamwomba tusimwambie abti, kwa kuwa yuko kitandani na nyonga haijashika. Komora akaniambia nitamwambia mwenyewe siku nitakayoweza, yeye hataniuliza. Na kweli hakuniuliza, mpaka naye alipofariki miaka mingi baadaye. Alipoondoka niliumaliza wali wangu wote. Nilikula na ndizi.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilingoja nilie. Nilijiambia itakuja leo, itakuja Ijumaa, itakuja Ramadhani, nikawa najichungulia kama mtu anayechungulia sufuria, na ndani hapakuwa na kitu. Viatu vya visigino niliviacha chini ya meza, si kwa toba, niliviacha tu. Kazi ilienda vizuri kuliko awali, na hilo ndilo linalonichukiza. Giaboksi ikapatikana. Mabasi yakapakwa rangi. Kitambaa nilikirudisha mahali pake, na sikukaa tena kwenye kiti kile, wala sikuruhusu hata konda aweke kofia yake hapo. Yule dalali wa nyuma ya bati, aliyetabiri mawe, alianza kuwaambia watu kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa msichana ni hodari. Nilimsikia, nikajaza fomu ya polisi iliyokuwa mbele yangu. Jina la yule mama sikuwahi kuliuliza. Kila basi lilipotoka, Komora alinipungia kutoka dirishani, nami nikampungia, na mkono huo huo nilioupunga siku ile nilikuwa nauona kama wa mtu mwingine.

Abti alirudi na fimbo, amekonda, amefurahi. Alizunguka mabasi yote mawili akiyagonga mabodi kwa fimbo yake. Aliingia ofisini, akakaa kwenye benchi na si kwenye kiti chake cha mezani, heshima ambayo sikuistahili, akaniambia nimeikuta kampuni ikichechemea nikamrudishia ikitembea, ilhali yeye alitembea akarudi akichechemea. Watu wakacheka mlangoni. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Na kile kiti?"

"Kipo, abti," nikasema.

Akanishika bega. Hakuuliza tena mpaka anakufa. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumwambia. Nilikuwa naye Idd zote, nilimlisha uji hospitalini mwezi uliopita, chumba chenye vitanda vinne na feni moja, na siku moja aliniambia, macho yamefumba, kwamba akienda mbele ya Mola wake atakuwa na kiti kile cha kuonyesha, maana mengine yote aliyoyafanya yana mchanga ndani yake. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikamwambia afungue kinywa.

Siku ya tatu ya matanga, alasiri, aliingia bibi mmoja, ayeeyo kwa lugha yetu, akishikwa mkono na mjukuu wake. Walikuwa wametoka upande wa Modogashe kwa basi la siku hizi, lenye pazia, tiketi ikiwa ndani ya simu ya yule binti. Akawapa watu pole, akaomba aonyeshwe jamaa wa marehemu, wakamleta kwangu. Sikumkumbuka sura. Nilimkumbuka kwa jinsi alivyokaa, polepole, akijishusha kwa mkono mmoja. Alinywa chai kwanza. Kisha akanieleza kilichomleta, kwa sauti ya kawaida, wanawake wengine wakiendelea na yao. Alisema ana deni la shukrani kwa marehemu, kwa kuwa basi lake liliwahi kumbeba mumewe, na ndugu yake aliyeumwa na nyoka, na wote walipona. Binti yake Dekha ndiye pekee ambaye hakubahatika. Siku ya Dekha kiti kilikuwa na mtu. Yeye mwenyewe alisimama akaona, akamwombea aliyekuwa ndani, kwa kuwa kama Mungu amempa mwingine nafasi ile basi angalau apone. Na baada ya Dekha kufariki hakuacha. Alisema kila baada ya isha, akimaliza kuwaombea wake, humwombea na yule wa kwenye kiti, hamjui jina, hajui kama ni mwanamume au mwanamke.

"Wameniambia mwaka ule ofisini ulikuwa wewe," akasema. "Nimekuja kukuuliza. Alipona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingemtosha, na hakuna aliyebaki hai wa kulikanusha.

"Ni mimi niliyekaa pale, ayeeyo," nikasema. "Sikuwa naumwa."

Alinitazama. Nadhani alikuwa akijaribu kunifahamu vizuri, asije akanidhulumu.

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa."

Mjukuu wake alikuwa ameacha kuchezea simu. Bibi akaangalia ndani ya kikombe chake, akakizungusha, akanywa kilichobaki. Hakulia, na mimi sikulia. Niliona tu aibu, aibu ya kweli, ya moto, kitu cha kwanza nilichokisikia tangu Jumamosi ile ofisini.

"Basi kuanzia leo dua hiyo nitaiacha," akasema, akaninyooshea kikombe nimwongezee chai.